Punda wangu kafikisha siku 398 na mimba. Kwa nini hawa wanyama hubeba muda mrefu hivi na kuzaa mmoja tu?

#1 Kwatomoja

Wakuu, habari za jioni.

Nina punda jike, huu ni uzao wake wa tatu. Alipandwa tarehe 4 Februari mwaka jana. Niliandika kwa mkaa kwenye nguzo ya banda nisije nikasahau. Leo ni tarehe 9 Machi. Siku 398. Tumbo limeshuka, anakula vizuri, na ukimwekea kiganja ubavuni unamsikia mtoto akigeuka. Ila kuzaa, hakuna.

Ng'ombe miezi 9 na siku zake kashamaliza. Mbuzi miezi 5. Nguruwe hata miezi 4 haifiki na anaangusha watoto 10. Huyu wangu mwaka umepita, na najua atatoa mmoja tu.

Nauliza mawili. Kwanza, nitafute mtu amchome sindano ya kuharakisha au nisubiri? Pili, hili nimelifikiria siku nyingi: kwa nini punda, farasi, punda milia na kifaru, wote hawa ambao kwato zao hazikupasuka mbili, hubeba mimba ndefu namna hii na kuzaa mmoja mmoja? Kuna siri gani kwenye miguu yao?

#2 Mama Mapacha

Pole kwa wasiwasi. Wa kwangu aliwahi kwenda miezi 13 na nusu akazaa salama. Usimguse.

#3 Daktari wa Zizi

Kwatomoja, sindano usimchome.

Farasi hubeba wastani wa siku 340, lakini wapo wanaozaa salama siku ya 320 na wengine baada ya 365. Punda wastani wake ni karibu mwaka mzima, na miezi 13 hata 14 imeshaonekana. Shida ya sindano ni hii: mtoto wa farasi au punda huiva dakika za mwisho. Homoni ya kotisoli, inayoandaa mapafu na utumbo kwa maisha ya nje, hupanda siku 2 au 3 tu kabla ya kuzaliwa. Kondoo huanza kupanda mapema zaidi, kwa hiyo ukikosea siku chache humwumizi sana. Kwa punda ukikosea siku 3 unaweza kumtoa mtoto asiyeweza kupumua vizuri wala kunyonya, ambaye wiki hiyo hiyo angezaliwa mzima.

Angalia kiwele. Kikijaa, nyama za pembeni mwa shina la mkia zikalegea, na chuchu zikatoa matone yanayoganda kama nta, basi kaa karibu.

#4 Jembe la Zamani

Swali la pili mbona jibu lake liko wazi. Punda milia akizaa, simba yuko pale. Mtoto asiposimama saa hiyo hiyo keshaliwa. Basi anakaa tumboni mpaka miguu iive. Na mmoja tu, ili mama aweze kumlinda. Kifaru hivyo hivyo.

#5 Mfuata Nyayo

Jembe, nimetembeza wageni porini miaka mingi na hilo la miguu nimeliona kwa macho. Mtoto wa punda milia anatoka miguu mirefu kuliko mwili, anaanguka mara mbili tatu, na saa moja haijaisha anatembea. Siku za kwanza mama anamkinga kwa mwili wake na kuwafukuza wenzake wote wanaosogea, mpaka mtoto azijue vizuri milia za mamaye, harufu yake na sauti yake.

Lakini nyumbu je? Anabeba karibu miezi 8 tu, na ndama wake anasimama ndani ya dakika chache. Simba ni yule yule, mbuga ni ile ile. Kama mimba ndefu kazi yake ni kuivisha miguu, nyumbu ameipata wapi kwa miezi 8?

#6 Lulu wa Shamba

Samahani nimepotea. Nyumbu si chotara wa punda na farasi? Na si huwa hazai kabisa?

#7 Mfuata Nyayo

Dada Lulu, hapo lugha yetu imewapa wanyama wawili jina moja. Nyumbu wa porini ana kwato zilizopasuka, ni jamaa wa swala na ng'ombe, na anazaa kila mwaka. Nyumbu wa mizigo, wengine humwita baghala, baba yake punda mama yake farasi. Mimi nilimsema wa porini.

#8 Mwalimu Kidole

Kwatomoja ameuliza siri ya miguu, na humo kuna jambo la kurekebisha. Kundi hili wanalikusanya kwa kuangalia kidole kinachobeba uzito. Nyosha mkono wako: cha kati ndicho kirefu. Farasi, punda na punda milia wamebaki na hicho kimoja tu, na kwato ni ukucha wake. Kifaru ana vidole vitatu kila mguu na cha kati ndicho kikubwa. Tapiri, mnyama wa misitu ya Amerika ya Kusini na Asia mwenye pua kama mkonga mfupi, ana vinne mbele na vitatu nyuma. Hesabu inakataa, lakini bado ni wa ukoo huu kwa sababu uzito wake unapita kidole cha kati. Ng'ombe, mbuzi, swala na nyumbu wa porini uzito umegawanyika kati ya vidole viwili.

Na tapiri ndiye anayeiangusha hoja ya Jembe (#4) kuliko hata nyumbu. Mama ana kilo 200 na zaidi, mtoto anazaliwa na kilo 5 hadi 10 tu. Hakimbii na mtu. Anafichwa kichakani, mwili wake una mistari na madoa meupe kama jua linalopenya majani, na alama hizo hufutika akikua. Mtoto mdogo hivyo, wa kufichwa, na mama amembeba miezi 13. Kwa nini?

#9 Jembe la Zamani

Mwalimu umenibana. Basi ni urithi. Babu yao alibeba hivyo, na wao hivyo hivyo.

#10 Bonde Kijani

Urithi haukatai sababu, mzee. Huyo babu naye alikuwa na yake.

Mimi naamini ni majira. Farasi hubeba miezi 11, na wiki moja hivi baada ya kuzaa anaingia joto tena. Jumlisha: anazaa msimu ule ule kila mwaka, majani yakiwa mabichi. Na mimba yenyewe inajinyoosha. Nchi za mbali na ikweta, farasi anayekaribia kuzaa siku zikiwa fupi na baridi hukawia, na akiwashiwa taa jioni mimba inafupika kwa siku kadhaa. Mwili unasoma jua.

#11 Daktari wa Zizi

Bonde, la taa ni kweli. Lakini hesabu hiyo inamfaa farasi tu. Kifaru mweusi hubeba miezi 15, mweupe karibu 16, halafu anakaa na ndama miaka 2 hadi 4 kabla ya kuzaa mwingine. Hapo hakuna msimu anaoukimbilia. Punda milia wa Grevy naye ni miezi 13.

#12 Chuo Bado

Sisi darasani tuliambiwa ni tumbo la chakula. Ng'ombe anacheua, anakamua kila kitu kwenye nyasi. Farasi na kifaru wanachachusha nyuma, kwenye utumbo mpana, chakula kinapita haraka na mengi yanatoka na mavi. Kwa hiyo mtoto analishwa polepole zaidi, miezi inaongezeka.

#13 Mwalimu Kidole

Chuo Bado, ngamia anacheua, na hubeba miezi 13. Pimbi naye yuko kwenye jiwe pale, mdogo kama sungura, hubeba karibu miezi 7. Sidhani tumbo la chakula linatosha.

#14 Kwatomoja

Nawasoma wote. Leo tarehe 11. Kiwele kimeanza kuvimba kwa nyuma, ila chuchu bado ni kavu. Anasugua mkia kwenye nguzo. Siku ya 400.

#15 Daktari wa Zizi

Vizuri. Swali ambalo nilipaswa kuuliza mapema: dume alikaa naye siku ngapi baada ya tarehe 4 Februari?

#16 Kwatomoja

Alikuwa wa jirani. Alikaa zizini kwangu mpaka mwisho wa Machi, akarudishwa. Niliona akipanda mara ya kwanza tu, ndiyo niliyoiandika.

#17 Daktari wa Zizi

Ndiyo maana nimeuliza. Punda huingia joto kila siku 23 au 24 kama hakushika. Kama Februari 4 haikushika, alirudi joto mwisho wa Februari, na pengine tena karibu na Machi 23. Mimba yako yaweza kuwa ya siku 400, au 377, au 353. Zote tatu ni za kawaida kwa punda.

#18 Mama Mapacha

Hapo sasa! Tumekesha tunashangaa miezi 13 kumbe mwenyewe alihesabu mara moja.

#19 Lulu wa Shamba

Mama Mapacha, jina lako ni la punda au la kwako? Maana mada ni mmoja mmoja.

#20 Mama Mapacha

La kwangu, wanangu wako darasa la sita. Lakini kwa farasi nimeyaona mapacha pia, na sitamani kuyaona tena.

Nilikuwa nafanya kazi kwenye zizi la watu. Farasi mmoja alitupa mimba mwezi wa 8. Walikuwa wawili. Mmoja alikuwa ameumbika, manyoya mafupi laini mgongoni, kope zimefungwa. Wa pili alikuwa kama paka, amekauka, mimba ya mwenzie imemsukuma pembeni. Kondo la mkubwa lilikuwa kubwa, jekundu, lina manyoyamanyoya kama mahameli. La mdogo kipande tu, na pale yalipogusana yote mawili yalikuwa laini na meupe, hayana mahameli. Aliyetuongoza alinionyesha kwa kidole: hapa hakuna aliyekula.

#21 Daktari wa Zizi

Mama Mapacha ameeleza kuliko vitabu. Hiyo kwangu ndiyo sababu ya mmoja mmoja.

Kondo la ng'ombe limeshikana na mji wa mimba kwa vifundo vingi, kila kimoja kimeng'ang'ania kama kifungo cha koti. La farasi limetandazwa juu ya ukuta mzima kama bitana, na mtoto mmoja anauhitaji ukuta wote. Wakiwa wawili wanagawana, na pale wanapogusana hakuna anayepata kitu. Mara nyingi mimba yote inatoka. Wanaopima mapema kwa mashine ya mawimbi ya sauti wakiona vijusi viwili, humminya mmoja uishe ili mwingine apone.

Kuna na hili. Kondo hilo haliruhusu kinga ya mama kupita kwenda kwa mtoto. Anazaliwa hana askari hata mmoja. Kinga yote iko kwenye dang'a, yale maziwa ya kwanza, na utumbo wake unaipokea vizuri saa chache za kwanza; ukifika saa 24 mlango umefungwa. Kwatomoja, shika hili kuliko yote niliyosema.

#22 Chuo Bado

Daktari, waeleze na vile vikombe.

#23 Daktari wa Zizi

Waeleze wewe, umri wa kusoma ni huu.

#24 Chuo Bado

Haya. Kiinitete cha farasi, yaani mimba changa kabisa, hakitulii. Mpaka siku ya 16 kinatembea ndani ya mji wa mimba, kutoka pembe hii hadi pembe ile, mara nyingi kwa siku. Ndivyo kinavyomjulisha mama kuwa kipo, la sivyo angerudi joto. Kisha kinakwama mahali.

Karibu siku ya 36, chembe za kiinitete chenyewe zinajichimbia kwenye ukuta wa mama na kutengeneza vikombe vidogo. Vikombe hivyo vinamwaga homoni kwenye damu ya mama, na homoni inasaidia ovari zake kulinda mimba. Mwili wa mama unaviona ni vya kigeni, unavizingira kwa chembe za kinga, na kufika siku ya 120 hivi vimekwisha. Cole na Hart ndio waliogundua homoni hiyo kwenye damu ya farasi wenye mimba, mwaka 1930. Leo inatumika kuwaingiza joto kondoo, ng'ombe na nguruwe.

Kilichonishangaza: ukipandikiza kiinitete cha punda ndani ya farasi, vikombe hivyo havitokei, na nyingi za mimba hizo hutoka. Lakini kiinitete cha nyumbu wa mizigo, ambaye nusu yake ni punda, farasi anakibeba.

#25 Jembe la Zamani

Mkigusa chotara, nina kisa. Nilikuwa na farasi jike aliyewahi kuwekwa pamoja na punda. Miaka miwili baadaye kapandwa na farasi safi, na mtoto katoka ana mistari miguuni. Wazee walisema dume wa kwanza huacha alama tumboni. Mpaka leo sijaona wa kunikatalia.

#26 Mwalimu Kidole

Mzee Jembe, nakukatalia kwa heshima, maana jambo hili lina historia.

Mwanzoni mwa karne ya 19 huko Uingereza, bwana mmoja, Lord Morton, alimpandisha farasi jike na kwaga, yule punda milia wa Afrika Kusini aliyetoweka baadaye. Akazaa chotara. Kisha farasi yule akapandwa na farasi mweusi wa Kiarabu, na watoto wakatoka na mistari. Habari ikaenea, hata Darwin akaiamini. Ikawa hoja nzito kwamba dume wa kwanza anabaki.

Miaka ya 1890, Cossar Ewart wa Scotland akaijaribu. Akawapandisha farasi kwa punda milia, wakazaa chotara wenye milia, kisha akawapandisha majike hao hao wa farasi kwa farasi dume. Alama ya punda milia haikuonekana. Mistari hafifu miguuni na mgongoni huwatokea farasi ambao mama zao hawajawahi kumwona punda. Ni rangi ya kale inayorudi. Ukimtazama punda wa Kwatomoja miguuni, naamini unaikuta.

#27 Kwatomoja

Kweli anayo, juu ya magoti.

#28 Jembe la Zamani

Nimesikia. Ila wangu hakuwa nayo, na baba hakuwa nayo. Nabaki na langu.

#29 Lulu wa Shamba

Na je, nyumbu wa mizigo hazai kwa nini?

#30 Chuo Bado

Farasi ana kromosomu, zile nyuzi za urithi ndani ya chembe, 64, punda 62. Chotara anapata 63, hazioani vizuri wakati wa kutengeneza mayai na mbegu. Wapo majike wachache sana waliowahi kuzaa. Mwaka 2003 alizaliwa nyumbu wa kunakiliwa kutoka chembe moja, Idaho Gem, huko Marekani, Mei 4. Mwezi huo huo Italia akazaliwa Prometea, farasi wa kwanza wa kunakiliwa. Na aliyembeba na kumzaa ndiye aliyetoa chembe. Yaani mama alizaa pacha wake.

#31 Mfuata Nyayo

Naomba nirudi kwa kifaru, maana ndipo haya yanapouma.

Kifaru weupe wa kaskazini wamebaki wawili tu duniani, Najin na binti yake Fatu, wote majike, wako hifadhi ya Ol Pejeta, Kenya. Dume wa mwisho, Sudan, baba yake Najin, alikufa Machi 19, 2018. Nilimwona akiwa hai. Alikuwa amelala kivulini, sikio moja likifukuza nzi, mlinzi akimkuna nyuma ya pembe.

Majike wote wawili hawawezi kubeba mimba tena. Wataalamu huchukua mayai ya Fatu, huyaunganisha na mbegu zilizogandishwa, na kutafuta kifaru wa kusini awabebee. Kwanza wakajaribu njia kwa kiinitete cha kusini. Septemba 2023 kikapandikizwa, kikashika. Kisha mvua kubwa zikaibua bakteria udongoni, na yule jike akafa. Walipompasua walikuta kijusi dume cha siku 70, urefu sentimita 6.4, kimekaa vizuri. Dunia ikatangaziwa Januari 2024: inawezekana. Furaha na msiba kwa siku moja. Ukijumlisha miezi 16 ya mimba na miaka ya kumlea ndama, utaona kwa nini nasema muda ndio adui.

#32 Bonde Kijani

Na kwenye mabustani ya wanyama kifaru weupe wa kusini waliozaliwa humo hawashiki mimba ipasavyo, wakati mama zao waliotoka porini walizaa. Nilisoma ni lishe. Soya na lusini zina kemikali zinazofanana na estrojeni, homoni ya kike.

#33 Chuo Bado

Mimi nilisoma kuwa binti akikaa zizi moja na mama yake, mwili wake unajizuia.

#34 Daktari wa Zizi

Na wengine tunaona kifaru asiyeshika mimba miaka mingi anaota vivimbe kwenye mji wa mimba, na baadaye hata akipata dume haisaidii. Huenda zote tatu zimo. Lishe si ya kudharau. Kuna nyasi za feskyu zenye kuvu ndani yake: farasi akizila mwishoni mwa mimba, mimba inazidi siku zake, kondo linakuwa nene na maziwa hayatoki. Kwatomoja, huyo wako anakula nini?

#35 Kwatomoja

Nyasi za kawaida za malisho, na mabua makavu jioni. Hakuna cha ajabu.

#36 Mama Mapacha

Kuhusu kifaru kuna wa Sumatra. Jike mmoja wa bustani ya wanyama ya Cincinnati, Marekani, jina lake Emi, alipoteza mimba tano kabla ya kupewa projesteroni, homoni inayolinda mimba. Septemba 13, 2001 akazaa Andalas, wa kwanza kuzaliwa na kukua kwenye bustani ya wanyama baada ya miaka 112. Huyo Andalas akarudishwa Sumatra na mwaka 2012 akapata mtoto. Habari ile nilipoisoma nilimkumbuka yule farasi wangu.

#37 Kwatomoja

KAZAA.

Tarehe 14, saa 9 usiku. Jioni niliona matone mawili ya nta, moja kila chuchu, yanang'aa kwa tochi. Nikalala nje ya banda. Nilisinzia kidogo tu. Nilipofungua macho alikuwa ameshalala chini, miguu miwili ya mbele imetoka, mmoja umetangulia mwingine kidogo, pua juu yake, ndani ya utando mweupe. Haikufika nusu saa kila kitu kilikuwa nje. Sikumvuta.

Nilipomfuta nikashika kwato nikashtuka. Chini ya kila kwato kuna vidole laini, vya manjano hafifu, kama uyoga, vinapindika. Nikasema mtoto kazaliwa na ugonjwa wa kwato. Asubuhi vimechakaa, nusu vimekatika, chini ni kwato ngumu. Hii ni nini?

Jike, masikio yamesimama, kilo 24 kwenye mizani. Alisimama baada ya dakika 50, akaanguka, akasimama. Alihangaika kwenye magoti ya mama yake muda mrefu kabla ya kupata chuchu. Nilikaa nikihesabu kama wewe Daktari ulivyosema. Saa 1 na dakika 40, akanyonya. Nilisikia kabisa ile sauti ya kumeza.

#38 Daktari wa Zizi

Hongera sana. Vile vidole laini ni vya kawaida kwa kila mtoto wa farasi na punda. Vinafunika ncha ya kwato isichane mji wa mimba akipiga mateke, na isimwumize mama akipita. Akitembea vinachakaa.

Kondo limetoka lote? Likipita saa 3 ndani ni dharura, farasi huumia mpaka kwato. Litandaze chini uone kama limekamilika, pembe zote mbili.

#39 Kwatomoja

Limetoka baada ya saa moja. Nimelitandaza, liko kama suruali, miguu miwili mizima. Ndani kulikuwa na kitu kama ini, bapa, kahawia, kinateleza. Nikadhani kipande cha mtoto.

#40 Mwalimu Kidole

Hicho ni mashapo yaliyogandamana ndani ya maji ya mimba, hakina madhara. Wagiriki wa kale walikiita hipomane, na watu wakadai ni dawa ya mapenzi. Kitupe.

#41 Jembe la Zamani

Hongera Kwatomoja. Miaka miwili atabeba mzigo.

#42 Daktari wa Zizi

Mzee, miwili ni mapema. Mtoto huyu anadanganya macho. Miguu anazaliwa nayo karibu urefu wake wote ili aende na mama. Farasi wa mwaka mmoja ana karibu asilimia 90 ya kimo chake, unamwona mkubwa. Lakini mifupa haijafunga. Ya chini ya mguu hufunga kwanza, ndani ya mwaka wa kwanza. Uti wa mgongo hufunga mwisho, akiwa na miaka 5 na zaidi. Na mzigo unaukalia mgongo.

#43 Jembe la Zamani

Nimepakia wa miaka miwili maisha yangu yote.

#44 Mama Mapacha

Na walifika miaka mingapi migongo ikiwa mizima, baba?

#45 Jembe la Zamani

Mwanangu, hapo umeniuliza swali. Wawili walipinda.

#46 Bonde Kijani

Kwenye ukuaji kuna jaribio la Walton na Hammond, Uingereza, 1938. Walichanganya farasi wakubwa kabisa aina ya Shire na wadogo wa Shetland, kwa pande zote mbili. Damu ni ile ile nusu kwa nusu. Aliyebebwa na mama Shire alizaliwa na uzito kama mara tatu ya aliyebebwa na mama Shetland, na hakuwahi kufikiwa hata walipokua. Mji wa mimba unapima mtoto. Kwa hiyo narudia, huenda urefu wa mimba nao ni mama anayeupanga.

#47 Chuo Bado

Au mtoto. Kotisoli ya #3 ni ya mtoto.

#48 Mfuata Nyayo

Au wote wawili: siku anachagua mtoto, saa anachagua mama. Kwatomoja kazalishiwa saa 9 usiku, kama wengi.

#49 Kwatomoja

Wakuu, siku ya 6. Mtoto anakula mavi ya mama yake! Na dume wa jirani ameanza kulia kwenye uzio tangu jana.

#50 Daktari wa Zizi

Mavi mwache, anapata vijidudu vya kumsaidia kuchachusha nyasi. Dume analia kwa sababu mama anakaribia joto la baada ya kuzaa. Joto hili linashika, lakini mji wa mimba haujasafika vizuri. Mimi ningemruka, ningesubiri linalofuata.

#51 Kwatomoja

Nitasubiri. Nimefuta mkaa wa zamani kwenye nguzo, nimeandika Machi 14. Mara hii kila siku ya kupandwa nitaiandika, maana mpaka sasa sijui kama huyu binti ni wa siku 403, 380 au 356.

#52 Jembe la Zamani

Masikio yalisimama, kilo 24. Huyo ni wa 403.

#53 Mama Mapacha

Wa 380. Wangu wa miezi 13 na nusu alikuwa na kilo 22 tu.